Namna ya Kufaidi Sinema za Vioja

Kama hujawahi kutazama hata moja, anza na Reefer Madness. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1936, haifiki dakika 70, na haina tena mwenye hakimiliki, kwa hiyo unaipakua bure kwenye intaneti bila kumwibia mtu. Iache ile iliyotiwa rangi mwaka 2004, ambamo moshi wa bangi umepakwa rangi za kila namna ili watu wacheke. Tafuta ya asili, nyeusi na nyeupe. Walioitengeneza hawakukusudia kumchekesha yeyote, na raha yote inaanzia hapo.

Hadithi yenyewe ni hii: mwalimu mkuu amewaita wazazi ili kuwaonya, na anawasimulia mkasa. Mae na Jack wana nyumba wanayouzia bangi. Vijana wa sekondari, watoto wa familia zenye heshima zao, wanavutwa humo mmoja mmoja. Wanavuta, na dunia inawaporomokea. Mmoja anamgonga mtembea kwa miguu. Binti anapigwa risasi. Mchumba wake anasingiziwa mauaji na kufikishwa mahakamani. Muuza bangi anapigwa hadi kufa, mwanamke anajirusha dirishani, na kijana aliyebaki anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwishoni mwalimu mkuu anageuka, ananyoosha kidole kwenye kamera, kwako wewe, kwamba mwanao ndiye anayefuata.

Kuna mahali usipite haraka. Ralph, mvutaji kuliko wenzake wote, amejificha ndani akiwaogopa polisi. Blanche, yule mwanamke atakayejirusha dirishani, yuko kwenye piano. Ralph anamtazama, macho yamemtoka pima, sigara inafuka, anamwambia apige haraka. Blanche anaongeza kasi. Ralph anataka zaidi, na zaidi, mpaka vidole vinaparamia piano na yeye mwenyewe anatetemeka kitini. Mwangalie mwigizaji usoni. Anaitwa Dave O'Brien, na hafanyi mzaha hata chembe. Ameambiwa aonyeshe wazimu wa bangi, naye ametoa wazimu ambao mvuta bangi yeyote angeushangaa. Rudisha nyuma mtazame tena. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya pili unamheshimu, kwa sababu mtu huyu amejitoa kwa moyo wote katika kazi isiyostahili jasho hilo.

Kujitoa huko ndiko ninakokupenda katika sinema za vioja, yaani zile filamu za zamani zilizotengenezwa kwa haraka na kwa pesa kiduchu ili kuuza ngono, damu, bangi na hofu. Lakini ili uzifaidi sawasawa, huna budi kumjua aliyesimama mlangoni akikusanya kiingilio. Kicheko kinono zaidi katika filamu hizi ni cha kumfuma mwongo kazini.

Kuanzia mwaka 1934 studio kubwa za Hollywood zilibanwa na kanuni zilizojulikana kwa jina la Will Hays. Biashara ya dawa za kulevya, magonjwa ya zinaa, miili ya uchi, wasichana wanaouzwa: vyote hivyo marufuku. Penye marufuku mchuuzi hakosi. Wakaibuka wafanyabiashara wa nje ya studio waliozunguka mji hadi mji na makopo ya filamu kwenye buti la gari. Walikodi ukumbi siku chache, wakabandika mabango ya kutisha, wakavuna pesa, wakaondoka kabla wakubwa wa mji hawajajipanga. Kinga yao ilikuwa moja tu, kudai kwamba filamu ni ya elimu. Reefer Madness yenyewe ilianza kwa jina Tell Your Children, filamu ya kuwaonya wazazi. Mchuuzi mmoja, Dwain Esper, akainunua, akaichomekea vipande vya kuwasha macho, akaizungusha.

Huyu Esper mjue. Mwaka 1933 alikuwa akitembeza filamu yake ya Narcotic, na kwenye sehemu ya kuingilia ukumbini aliweka maiti iliyokaushwa, akawaambia watu kwamba hayo ndiyo mabaki ya mtumiaji wa dawa za kulevya. Maiti ilikuwa ya kweli. Maelezo ndiyo yalikuwa ya uongo. Marehemu ni Elmer McCurdy, jambazi wa treni aliyepigwa risasi Oklahoma mwaka 1911. Mwili wake ulipita mikononi mwa wenye maonyesho miaka na miaka, hadi waliokuwa nao wakaamini ni sanamu. Mwaka 1976 wafanyakazi wa kipindi cha televisheni walikuwa wakiandaa kupiga picha kwenye nyumba ya vitisho huko Long Beach, California. Walipoisogeza ile sanamu iliyoning'inizwa humo, mkono ukakatika, na ndani wakaona mfupa wa binadamu. McCurdy alizikwa mwaka uliofuata. Ninakusimulia haya mapema kwa sababu biashara hii ilikuwa na upande ambao haukuchekesha tangu siku ya kwanza, na nitarudi kwenye upande huo.

Aliyemzidi Esper kwa ujanja ni Kroger Babb wa Ohio. Filamu yake, Mom and Dad, ya mwaka 1945, inahusu msichana anayepata mimba kwa sababu mama yake aliona haya kumweleza mambo ya mwili. Wanawake walioneshwa peke yao na wanaume peke yao. Katikati ya onyesho taa ziliwashwa, akapanda jukwaani mtaalamu aitwaye Elliot Forbes akatoa somo, na wanawake waliovaa sare za uuguzi wakapita kwenye viti wakiuza vijitabu vya elimu ya uzazi. Elliot Forbes huyo hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina tu, na usiku mmoja waliweza kuwepo akina Elliot Forbes kadhaa katika majimbo mbalimbali, kila mmoja akitoa somo lile lile. Katika kumbi za Wamarekani weusi kazi hiyo ilifanywa na Jesse Owens, bingwa wa Olimpiki ya Berlin. Mwaka 2005 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazostahili kuhifadhiwa, na kwa maoni yangu ilistahili, kwani watu wengi walioingia humo walikuwa na kiu ya kweli ya kujua, na hapakuwa na mwingine aliyekuwa tayari kuwaambia.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe, tafuta mambo mawili: nani aliuza filamu hii, na aliwaambia watu nini. Kisha usiruke mwanzo. Karibu kila filamu ya kundi hili inafunguliwa na maandishi marefu yanayoapa kwamba lengo ni kuinusuru jamii. Mpe mwenye sauti nzuri kuliko wote chumbani ayasome kwa sauti, taratibu, kama tangazo la serikali. Baada ya hapo kila paja litakaloonekana na kila kilio kitakachopigwa kitakuwa na ladha, maana mnakumbuka kiapo.

Nimesema chumbani kwa sababu sinema hizi hazitazamwi peke yako. Ukiwa peke yako na simu utachoka kabla ya dakika ya 20, kwa sababu zimejaa sehemu za kupoteza muda: watu wanatembea, gari linaendeshwa, mlango unafunguliwa na kufungwa. Filamu ilihitaji kufikisha urefu wa kuuzika, na kutembea ni bei rahisi. Wakusanye watu, watano au sita watosha. Wawepo wawili wanaocheka kwa urahisi na mmoja asiyecheka ovyo. Huyo wa mwisho akivunjika mbavu, mmefaulu. Watoto wawe wamelala. Chakula kiwe cha mkono mmoja, bisi, karanga au mihogo ya kukaanga, kisichomlazimu mwenyeji kuinuka inuka.

Halafu chagueni mtafsiri. Hapa Afrika Mashariki tuna utaalamu ambao wenzetu wa Marekani walikuja kuugundua kwa njia yao. Huko, kuanzia mwaka 1988, kipindi cha Mystery Science Theater 3000 kilijipatia wapenzi kwa kuweka watu mbele ya filamu mbovu wakaisemea ovyo. Huku, aliyewahi kulipa kiingilio kwenye kibanda cha video, akakaa kwenye benchi na kutazama ninja wa Hong Kong wakipigana huku mtu akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zao, hahitaji kufundishwa. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina ma-VJ wake. Mtafsiri wa namna hiyo hatafsiri maneno tu. Huwapa wahusika majina mapya, huwatania, hukumbusha nani alimuua nani, na pale filamu inapolala huiamsha yeye.

Mtafsiri wenu azingatie jambo moja tu, nalo ni kujua lini anyamaze. Wakati wa kutembea na kuendesha magari, uwanja ni wake. Lakini mhusika akianza hotuba ya kipuuzi kwa uso mkavu, amwachie. Hakuna mzaha utakaoshinda maneno ya mwandishi aliyekuwa akiamini anachoandika. Na kama chumbani mna mama au babu asiyesikia Kiingereza, atafsiriwe kwanza vizuri, ndipo utani ufuate. Asije akakaa anachekewa jambo asilolijua.

Mkishazoea, jifunzeni kutazama mishono. Fundi nguo akishika shati haangalii rangi, anageuza upande wa ndani. Filamu za vioja zinakuonyesha upande wa ndani bila kuombwa. Ya kujifunzia ni Plan 9 from Outer Space ya Edward D. Wood, iliyopigwa mwaka 1956 na kusambazwa miaka mitatu baadaye. Mtu anatoka makaburini usiku, hatua mbili mbele ni mchana, kisha usiku tena. Chumba cha rubani kina pazia pale ulipotegemea mlango. Mawe ya makaburi yanayumba mtu akiyapita karibu. Watu husema visahani vya angani ni vifuniko vya magurudumu au sahani za karatasi. Ukweli ni kwamba vilikuwa vya kuchezea, vya plastiki, vya kuunga mwenyewe, vilivyouzwa madukani.

Mshono mkubwa kuliko yote humo ni Bela Lugosi, yule Dracula wa mwaka 1931. Wood alikuwa na vipande vichache vya Lugosi visivyo na sauti. Lugosi akafariki Agosti 1956. Wood hakukubali kushindwa: akamchukua tabibu wa mifupa aliyekuwa akimtibu mkewe, mtu mrefu kuliko Lugosi na asiyefanana naye, akamvika joho na kumwagiza ajifunike uso nalo kila anapotokea. Kwa hiyo katika filamu nzima utaliona jitu linalotembea na mkono umekunjwa mbele ya pua. Pesa zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti walioitaka filamu hii iwape faida ya kutengenezea filamu za dini, na ndio waliokataa jina la awali lililotaja wezi wa makaburi. Mwaka 1980 kitabu cha ndugu wawili wa Medved kiliitangaza kuwa filamu mbaya kuliko zote duniani. Sikubaliani nacho. Filamu mbaya ni ile unayoisahau ukiwa bado njiani kurudi nyumbani. Wood alifariki mwaka 1978, maskini, bila kujua kwamba miaka 16 baadaye Tim Burton angetengeneza filamu juu yake na mwigizaji wa Lugosi humo, Martin Landau, angepata tuzo ya Oscar.

Kwa ninja, mtafute Godfrey Ho wa Hong Kong. Miaka ya 1980 yeye na kampuni yake walikuwa wakinunua filamu za bei rahisi kutoka nchi jirani za Asia, wakazikata, wakapiga vipande vipya vya Wazungu waliovaa sare za ninja za rangi kali, wakaunganisha na kuziingizia sauti upya. Ndiyo maana wahusika wa pande mbili hawakutani kamwe: huzungumza kwa simu. Katika Ninja Terminator ya mwaka 1985, bingwa Richard Harrison anapokea habari za maisha na kifo kwenye simu yenye umbo la paka Garfield. Harrison alipiga picha za filamu chache tu, kisha akajikuta yumo katika nyingine nyingi ambazo hakuzijua, vipande vyake vikiwa vimetawanywa kama mtu alivyotaka. Kazi ya chumba chenu ni kutambua ni wapi filamu moja inaishia na nyingine inaanzia. Tazameni ukuta wa nyuma, mwanga wa dirishani, rangi ya picha. Baada ya nusu saa mtaanza kuona kiungo kabla hakijafika.

Jihadhari lakini na kumlaumu mtu kwa kosa lisilo lake. Dolemite ya mwaka 1975, iliyolipiwa na mchekeshaji Rudy Ray Moore kwa pesa zake mwenyewe, ilisifika kwa maiki inayoning'inia juu ya vichwa vya waigizaji kila mara. Watu walicheka miaka mingi. Kumbe filamu hiyo ilikusudiwa ikatwe juu na chini wakati wa kuonyeshwa ukumbini, na waliohamishia kwenye kanda za video waliacha picha nzima wazi. Chagua nakala iliyorekebishwa vizuri na maiki nyingi zinapotea. Zinazobaki ndizo za kwao.

Sasa ule upande mwingine. Raha hii inaitwa ya aibu, na watu huificha, husema walikuwa wakitazama taarifa ya habari. Sioni aibu katika kumcheka Esper wala katika kumfurahia Ralph. Kuna filamu za soko hili hili, hata hivyo, ambazo haziingii kwenye usiku wa kicheko, na mwenyeji anapaswa kuzijua kwa majina. Cannibal Holocaust ya mwaka 1980 iliua wanyama kweli mbele ya kamera, akiwemo kasa mkubwa, na mateso yao hayawezi kugeuzwa kuwa maigizo. Game of Death ya mwaka 1978 iliokoteza mabaki ya picha za Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973. Uso wake uliokatwa kwenye picha umebandikwa juu ya kioo katika sehemu moja, na hapo cheka upendavyo. Lakini ndani yake wamechomeka pia picha za mazishi yake halisi, za mwili wake ndani ya jeneza. Hapo mwambie mtafsiri anyamaze.

Na kuna Africa Addio. Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, waliokwisha tajirika kwa Mondo Cane ya mwaka 1962, walizunguka bara letu wakati wakoloni wakiondoka, na mwaka 1966 wakatoa filamu inayoonyesha kwamba Afrika bila Wazungu ni machinjio. Huko Marekani filamu hiyo ilikuja kuuzwa ikiwa imekatwakatwa, kwa jina Africa Blood and Guts. Ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Zanzibar, Januari 1964, siku za Mapinduzi: misururu ya watu wanaoswagwa, makaburi ya halaiki, miili. Ni miongoni mwa picha chache mno za filamu zilizopo za mauaji yale. Wale ni watu wa Unguja, wana wajukuu walio hai, wengine wako Mombasa, Dar es Salaam na Muscat. Ziliuzwa kwenye kumbi zile zile, kwa mabango ya aina ile ile, kwa watu waliokuja kutafuta msisimko.

Sikuambii usiitazame. Itazame siku nyingine, mchana, bila bisi, pamoja na mtu aliyesoma historia ya Visiwa, na sikiliza jinsi msimulizi anavyokuelekeza uone nini. Njia yangu ya kutenga ni nyepesi: ninajiuliza aliyeumia mbele ya kamera aliinuka na kwenda kula chakula cha mchana? Kama aliinuka, tunacheka. Ubaguzi uliomo katika nyingi ya filamu hizi, Mwafrika wa kuchorwa na Mchina wa kupakwa rangi, unabaki katikati, na hapo mwenyeji aseme wazi anapouona. Mtafsiri mzuri huushika na kumgeuzia aliyeuandika, na hiyo ni moja ya kazi zake bora.

Mpango wa kuanzia, basi: wiki ya kwanza Reefer Madness, ya pili Plan 9, ya tatu Ninja Terminator, na msizidishe filamu moja kwa usiku mmoja, kwani ya pili huwachosha watu na kuharibu sifa ya ya kwanza. Wiki ya nne pelekeni macho Kampala. Huko Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa chini ya dola 200 kwa maelezo yake, kwa bunduki za kuunga kwa vyuma chakavu na helikopta za kompyuta, na watu wa studio yake, Wakaliwood, wanajua kabisa wapi unacheka, kwa sababu wamekutegea. Nakala ya awali ilifutika Nabwana alipohitaji nafasi kwenye kompyuta kwa ajili ya filamu nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho, na wenyewe wameiweka bure kwenye intaneti. Usiku huo mtafsiri wenu apumzike. Emmie hamwachii mtu nafasi.